Safu ya Mize wa Kwanza

Nachunga watu kwa safu,
walio hai na wafu;
nikikosa nina hofu
ya Mola na wa kitini.

Chake Chake ndipo nipo,
chumba cha baridi kipo;
mashine huvuma hapo
kama nyuki mzingani.

Nje watu huanika
karafuu, na kucheka;
mie koti najivika
kwa baridi ya chumbani.

Taarifa nanakili,
zitoke nakala mbili:
moja ndani ya kufuli,
moja huvuka mjini.

Nakala usofungua
ni mtungi, wadhania
umejaa; ukitia
kata, hugonga tumboni.

Kila mtu na mlango:
karani ana kiwango,
hata wa kuvimba shingo
haoni pasi idhini.

Neno moja la kufuta,
bila mpaka, hupita
kama moto, likakata
Wete nzima ramanini.

Mfumo hushika nyayo
za aliyegusa siyo;
hata zangu, sina choyo,
zimo humo orodhani.

Juzi kaja mwanamke,
Mize, na kitoto chake,
kutoka Kojani kwake,
na bahasha mkononi.

“Kitambulisho,” kanena,
“nimenyimwa tena, tena;
mashine yasema sina
roho, nimo kaburini.

Nimelipa boti yangu,
namnyonyesha mwanangu;
maiti gani, wenzangu,
atozwa nauli pwani?”

Sikucheka. Niliketi,
nikaulizia vyeti
kwa jina, mama, wakati,
shehia na nyumba gani.

Safu ikarudi moja:
“Kafariki.” Nikangoja;
kuna jambo halijaja,
halikai akilini.

Nakala ya mwaka ule
nikaifungua; mle
mna Mize huyu, yule,
mwaka tu haulingani.

Mfumo una sheria:
zifananazo kutia
pamoja; moja kuua,
moja ibaki safuni.

Kuna aliyebonyeza
haraka, pasi kuwaza;
akaunga, akalaza
mwenye uhai sandani.

Nikampigia sheha,
hakuona ni karaha:
“Mama yake ana siha;
ngoja, nimwite jikoni.”

Sauti ikaja pole:
“Mize wa kwanza ni yule
hakufika siku zile
arubaini za ndani.

Alipokuja wa pili
jina sikulibadili;
halikuchakaa hili,
lilikaa sandukuni.”

Mashine haina mama,
yajua tu kuzipima
herufi; na ya huruma
haina safu kichwani.

Mkuu kasema: “Futa
wa kwanza, acha kusita;
mfu hawezi kuleta
malalamiko mezani.”

Nikajibu: “Bwana Faki,
hata mfu ana haki:
alizaliwa; habaki
ila hapa, kitabuni.”

Nikazitenga nambari,
kila Mize na habari
yake; kisha, kwa hadhari,
nikatia sababuni:

“Ni wawili, si mmoja.
Ni ndugu, jina pamoja.
Usiwaunge. Ukija
baada yangu, amini.”

Wiki ya pili karudi;
nje ya chumba baridi
nikamkabidhi kadi,
mwana katia kinywani.

Kauliza: “Na wa kwanza,
yuko wapi?” Nikaanza
kusema: “Huyo natunza
siku zake, humu ndani.”

Na leo tena usiku
naweka nakala, huku
umeme una shauku
ya kukatika njiani.

Nahesabu waje wote,
asipotee yeyote;
kisha mtungi nipate
kuuchota, hadi chini.